KUSIKILIZA NAKO NI KAZI

Kijana wako akipata shida humweleza nani? Zamani hapa Kasulu na Kibondo aliweza kwenda kwa bibi au shangazi. Siku hizi wengine husoma mbali na nyumbani. Wengine huogopa kuchekwa. Basi hunyamaza, na shida iliyofichwa hukua.

Mwaka 1935 huko Uingereza, kasisi kijana, Chad Varah, alimzika binti mdogo aliyejiua. Binti yule alipata hedhi mara ya kwanza, akadhani ni ugonjwa mbaya. Hakuwa na mtu wa kumwuliza. Varah hakumsahau. Mwaka 1953 alianzisha huduma ya simu mjini London kwa watu waliokata tamaa. Waliokuja kumwona wakawa wengi, wakangoja zamu. Watu wa kujitolea wakawapa chai na kuwasikiliza. Kumbe wengi wakishazungumza hivyo, walikwenda zao bila kumhitaji kasisi! Ndipo akawaachia wale wa kujitolea kazi ya kusikiliza.

Hapa Tanzania Bara ipo Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116. Kuipiga ni bure.

Je, mshauri wa simu hufanyaje kazi?

Kwanza, husikiliza mpaka mwisho. Hakaripii wala hasemi, "Aa, hilo nalo jambo?" Kijana akilia, humngoja.

Pili, huuliza kwa upole: "Wewe unaonaje? Nani karibu nawe unayemwamini?" Hamwamulii.

Tatu, hutunza siri. Lakini mtoto akipigwa vibaya, akinajisiwa, au akitaka kujiua, kunyamaza ni kumwacha aangamie. Hapo hutafutwa ofisa ustawi wa jamii, au dawati la jinsia na watoto la polisi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatutaka sote tutoe taarifa kwa serikali za mitaa tuonapo haki ya mtoto inavunjwa.

Nne, hujitunza. Mambo mazito huchosha moyo. Hivyo washauri hupokezana zamu na kusaidiana.

Kazi hii haitaki mtu msomi sana. Inataka mtu mvumilivu, aliyekubali kufundishwa kwanza.

Nawe unaweza kuanza leo bila simu. Mkiwa shambani mnapalilia maharage, kijana akakuambia, "Shangazi, nina neno," usimjibu, "Ngoja tumalize mstari." Weka jembe chini, umsikilize.