Punda Mzee Aliyejeruhiwa: Atibiwe au Auawe Bila Mateso?

Katika vijiji vya Ismani na Pawaga mkoani Iringa, na katika bonde la Usangu mkoani Mbeya, punda ndiye abebaye maji, kuni na magunia ya mahindi au mpunga. Akitunzwa vizuri huweza kuishi zaidi ya miaka 25, hivyo si ajabu binti azaliwe akimkuta nyumbani, aolewe, na amwache akiwa bado kazini. Siku punda wa namna hiyo anapogongwa na gari katika barabara kuu ya TANZAM, au anapotumbukia korongoni na mzigo wake, familia hugawanyika: atibiwe au auawe?

Umri peke yake hautoshi kujibu swali hilo. Jeraha la ngozi na nyama, hata likitisha, mara nyingi hupona likisafishwa mapema na mnyama akapewa kinga ya pepopunda, ugonjwa ambao jina lake lenyewe linamtaja. Kuvunjika kwa mfupa mrefu wa mguu ni jambo jingine. Punda hawezi kulazwa kitandani wiki kadhaa. Uzito huhamia kwenye miguu iliyobaki, kwato zake nazo huumia, na mfupa haupati utulivu wa kuunga. Kwa mzee ambaye meno yamekwisha hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa punda asiyekula siku mbili tatu huanza kuyeyusha mafuta ya mwili kwa wingi hadi ini likashindwa kufanya kazi.

Wengi husubiri mnyama alie ndipo waamini kuwa anaumwa. Punda huficha maumivu. Anayesimama kimya, masikio yamelegea, hajagusa pumba, huenda yumo katika mateso makali.

Afisa Mifugo wa Kata aitwe siku hiyo hiyo ili daktari wa mifugo apatikane. Mambo ya kupima ni kama mnyama anainuka mwenyewe, anakula, na kama maumivu yanazuilika kwa dawa. Punda atakayeweza kuchunga bila maumivu hana sababu ya kuuawa, hata asipobeba mzigo tena. Gharama nazo zisemwe wazi bila aibu, kwani matibabu yanayoachwa katikati kwa kukosa fedha humwongezea mnyama mateso.

Ikiamuliwa auawe, daktari humchoma sindano ya usingizi mzito na dawa ya kusimamisha moyo, kazi ya dakika chache. Nyama yake isiliwe wala isiachiwe mbwa na tai, kwa kuwa dawa hubaki mwilini. Mzoga uzikwe katika shimo refu, mbali na visima na mito.

Kumtelekeza porini si huruma, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima. Wala asiuzwe kwa wanunuzi wa ngozi: Serikali ilipiga marufuku uchinjaji wa punda mwaka 2022, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukachukua msimamo kama huo kuhusu biashara ya ngozi zao.

Palipo na punda wawili waliozoeana, aliyebaki aachwe karibu na mwili wa mwenzake kwa muda kabla ya maziko, aunuse hadi aondoke mwenyewe. Anayetenganishwa ghafla huweza kuhangaika siku kadhaa na kukataa chakula, na ile hatari ya ini ikahamia kwake.