Waya Kuingia si Waya Kufaa

Sinthesaiza ya moduli, ukiiona mara ya kwanza, unaweza kudhani ni mtambo wa simu wa zamani. Hakuna wimbo uliopangwa ndani yake. Kuna visanduku, yaani moduli: kimoja kinazalisha sauti, kingine kinaichuja, kingine kinaamua ianze na kuisha vipi. Kila kimoja kina matundu yake, na hakisemezani na jirani yake mpaka wewe uchomeke waya kati yao. Bila waya una kabati la bei mbaya, basi.

Mashine hizi zilizaliwa Marekani miaka ya 1960. Robert Moog alikuwa jimbo la New York, Don Buchla alikuwa San Francisco, kila mmoja akifuata njia yake. Zile za zamani zinatafutwa hadi leo, na anayeipata anakutana na swali la kwanza: nanunua waya gani? Wengi watamjibu, “ule unaoingia.” Jibu hilo ndilo linaloharibu vifaa. Kuna maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kutoa hela.

Swali la kwanza: tundu lina ukubwa gani? Moog alitumia plagi ya milimita 6.35, ile ile ya gita la kwaya yenu. Plagi hiyo ilirithiwa kutoka kwenye simu za zamani, enzi ambazo mhudumu alikuunganisha kwa mkono. ARP 2600 ya mwaka 1971 inatumia milimita 3.5, unene wa plagi ya hedifoni ya simu. Korg MS-20 ya 1978 inataka 6.35, lakini MS-20 Mini iliyotoka 2013 inataka 3.5. Jina karibu lile lile, tundu tofauti. Ukiagiza kwa jina tu, imekula kwako.

Serge, mashine ya miaka ya 1970 kutoka California, inatumia plagi za ndizi za milimita 4. Hizo waliosoma fizikia wanazijua: ndizo zile za maabara, unazochomeka kwenye ammita. Buchla alichanganya: sauti inapita kwenye plagi ndogo, amri zinapita kwenye ndizi. Na hapo kuna mtego, kwa sababu plagi yake ndogo inafanana sana na ya 3.5 ila umbo la ncha si lile lile. Unaweza kuichomeka ya kawaida, isikae vizuri, halafu ukamlaumu fundi. Kuna na EMS VCS3 ya London, ya 1969, ambayo sehemu zake za ndani huziunganishi kwa waya kabisa. Ina ubao wa vishimo 16 kwa 16, unachomeka pini, na kila pini ina rezista yake ndani.

Swali la pili: ndani ya waya kinapita nini? Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Waya wa sinthesaiza hubeba sauti, lakini hubeba na amri. Kwenye Moog, ukiongeza volti 1 sauti inapanda kutoka do mpaka do ya juu yake. Kwa Buchla, safari hiyo hiyo inahitaji volti 1.2. MS-20 yenyewe ina hesabu nyingine kabisa. Kwa hiyo unaweza kuunganisha mashine mbili kwa waya safi, plagi zikakaa sawasawa, na bado zikaimba kama kwaya isiyofanya mazoezi.

Amri ya “anza” nayo ina lugha zake. ARP huanza pale volti zinapopanda. Moog wa zamani huanza pale waya unapogusishwa na ardhi, na amri hiyo ina plagi yake ya pekee yenye bapa mbili. Hapo waya peke yake hautoshi. Unahitaji kisakiti cha kutafsiri.

Swali la tatu: umeme unarudi kwa njia gani? Plagi ya gita ina njia mbili, ncha na shina. Ndizi ina njia moja tu. Ndani ya kabati moja hakuna shida, kwa kuwa moduli zote zinatumia ardhi moja. Ukiunganisha makabati mawili ya ndizi yenye umeme tofauti, weka waya mmoja wa ziada wa ardhi kwa ardhi. Bila huo utapata mngurumo, au ukimya.

Ukishajibu hayo, mengine ni mepesi. Chukua plagi za mono, zenye mstari mmoja mweusi karibu na ncha. Hedifoni yenye maiki ina mitatu. Usitundike adapta nzito kwenye tundu dogo la zamani, maana inalikandamiza kama mtu anayening'inia kwenye tawi. Nunua waya wenye 3.5 upande mmoja na 6.35 upande wa pili. Changanya mifupi ya sentimita 30 na mirefu ya 90. Ukiletewa mitumba, pima kwa multimita: ncha kwa ncha ipite, shina kwa shina lipite, ncha kwa shina isipite. Utikise waya wakati unapima.

Kwa nini hili litufae sisi, ambao wengi wetu hatutaimiliki mashine hiyo? Kwa sababu plagi ni zile zile. Wenzangu wa ualimu tutakabidhiwa maabara zenye ammita chache na wanafunzi wengi. Mwalimu anayesema “jaribu mpaka iingie” atamaliza muhula akiwa na matundu yaliyolegea, na bajeti ya kununua mengine haipo. Anayemfundisha mtoto kuuliza kwanza, “hapa panapita nini, na panarudi wapi?”, ameshafundisha nusu ya somo la umeme.

Anayetaka kuonja, apakue VCV Rack, programu ya bure ya kompyuta iliyoanza 2017. Humo utajifunza tofauti ya sauti na amri vizuri kabisa. Ila humo kila waya unaingia kila tundu, kwa hiyo somo la plagi itabidi ulifuate maabara ya fizikia.