Kompyuta Inapokataa DVD: Tutumie Programu Gani?

Kuna malalamiko yanayorudi mara kwa mara mlangoni mwa studio. Ndugu anafika na DVD ya mahubiri au ya kwaya mkononi, anasema: "Hii CD yenu ni mbovu. Kwa deki ya jirani inacheza, kwa kompyuta yangu inakataa." Mbele ya kumbadilishia diski, tunamuuliza anaifungua na programu gani. Wengi hawajui, maana hawakuichagua wao. Wanatumia ile waliyoikuta ndani ya mashini siku walipoinunua.

Mara nyingi tatizo liko hapo. Diski ni nzima, na mashini ni nzima. Picha za DVD hazikai kwenye diski jinsi tunavyoziona. Zimebanwa kwa njia inayoitwa MPEG-2, ili filamu ya saa mbili iweze kuenea katika diski ya 4.7 GB. Sauti nayo hubanwa kwa njia yake. Programu inayotaka kutuonyesha picha hizo lazima iwe na chombo cha kuzifungua, na chombo hicho kinaitwa kodeki. Sasa, kodeki ya MPEG-2 ilikuwa na ada, na kampuni iliyoiweka katika programu yake ilidaiwa malipo. Ndiyo maana Microsoft haikuigawa kila mahali. Windows XP ilitoka bila hiyo. Windows 7 ilikuwa nayo katika Home Premium na matoleo ya juu yake, lakini si katika yale ya bei ya chini. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 iliondolewa, na kwa Windows 10 programu ya Microsoft ya kutazamia DVD inauzwa peke yake. Mtu aliyenunua kompyuta ya okazioni anaweza kukaa mwaka mzima akifikiri kifaa chake kimekufa, kumbe kinakosa kodeki tu.

Shauri letu ni moja: weka VLC kwanza. Ni ile yenye alama ya koni ya rangi ya machungwa, kama zile zinazowekwa barabarani watu wakitengeneza njia. Ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo cha École Centrale huko Paris, na leo inaangaliwa na shirika la VideoLAN, lisilotafuta faida. Haiuzwi. Mtu akikuomba dola tano ili akuwekee VLC, ujue unalipa mkono wake, si programu. Kama amefanya kazi vizuri mpe kitu, lakini asikuambie kwamba amekununulia. Uzuri wake mkubwa kwetu ni kwamba kodeki zake zote zimo ndani. Ukiisha kuiweka, haihitaji intaneti tena. Inacheza DVD, VCD za zamani, nyimbo za MP3 na video za simu, na maneno yake yanaweza kuwa ya Kifaransa.

Ichukue katika nyumba ya intaneti kwenye anwani ya videolan.org, si mahali pengine, maana kuna watu wanaogawa VLC za uongo zilizojaa virusi na matangazo. Faili ina karibu 40 MB, inaingia katika flashi yoyote. Flashi moja inaweza kuhudumia kikundi chote cha maombi, na hapo hakuna kosa: kuigawa VLC kunaruhusiwa.

Kwa kufungua diski, bonyeza Ctrl pamoja na D, kisha chagua DVD. Herufi F inajaza kioo chote, na kibonye kirefu cha chini kinasimamisha picha wakati mchungaji anataka kueleza jambo. Ukiona mistari kama meno ya kitana pale waimbaji wanapotikisika, diski haina kosa: bonyeza D peke yake, na mistari itapungua. Sauti ya VLC inaweza kupanda mpaka 125 kwa mia, lakini spika ndogo za kompyuta zitaanza kukwaruza. Kama mko watu thelathini sebuleni, unganisheni bafle.

Je, programu nyingine? Kwa mashini dhaifu sana ya Windows, MPC-HC ni nyepesi na nzuri, nayo ni ya bure. PowerDVD ni ya kulipia. Kama uliikuta tayari ndani ya kompyuta yako na inacheza, itumie, lakini hatuoni sababu ya kuinunua. Wala usinunue RAM kwa sababu ya DVD. Picha ya DVD ni ndogo, na hata kompyuta ya miaka kumi na tano inaiweza, mradi umefunga kwanza programu nyingine zilizo wazi.

Tuseme pia juu ya moto, maana ndio unaotukatia mikutano. Kisomeo cha diski kinazungusha mota, na mota inakula batri. Kama DVD ni yako uliyoinunua, na haikufungwa na mtengenezaji wake, nakili mchana folda yake ya VIDEO_TS ndani ya kompyuta, halafu jioni uifungue kwa VLC bila diski. Batri itakaa zaidi. Hatusemi uinakilie kartie nzima: maikrofoni za kwaya zilinunuliwa na franga za DVD hizo.

Wanaoletewa DVD na ndugu walio Ulaya wakumbuke jambo moja. Diski za madukani huko zina namba ya eneo 2, na sisi tuko katika eneo 5. Kompyuta ikikuuliza kama unataka kubadilisha eneo, usikubali haraka. Visomeo vingi vinaruhusu mara tano tu, kisha vinabaki palepale. Jaribu kwanza kwa VLC.

Na kama VLC nayo inasimama? Futa diski kwa kitambaa laini kikavu, kutoka katikati kuelekea ukingoni, si kwa kuzunguka. Kisha jaribu diski nyingine. Zote zikisimama, jicho la kisomeo limechafuka au limechoka, na hiyo ni kazi ya fundi. Ikiwa ni ile moja tu, na kila mara inakwama pale pale, hapo tunakubali: ilete studio na karatasi yake, tutakupa nyingine.