Ndiva Isiyotunzwa Huleta Kichocho

Katika milima ya Upare, mkoani Kilimanjaro, wazee walituachia ndiva, yaani mabwawa madogo ya udongo ya kumwagilia mashamba. Maji ya mfereji hukusanywa humo usiku, na asubuhi hufunguliwa ili watu wamwagilie kwa zamu. Bila ndiva, maji ya usiku kucha yangepita bure. Kwa hiyo hatukubaliani na wale wasemao zifukiwe kwa kuwa zinaleta maradhi. Kinacholeta maradhi ni kutozitunza.

Tuangalie kichocho. Mgonjwa akikojoa au akijisaidia majini au kando yake, mayai ya minyoo huanguliwa majini na vijidudu vyake humtafuta konokono. Vikimkosa kwa siku moja hivi, hufa. Vikimpata, huzaliana ndani yake kwa wiki kadhaa, halafu hutoka kwa wingi, hasa mchana jua likiwa kali, na kupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu. Na saa hizo ndizo watoto wetu wapendazo kuogelea!

Konokono hao hupenda maji yaliyotulia yenye magugu. Ndiva ikijaa matope, magugu huota na madimbwi hubaki hata baada ya kufunguliwa. Basi siku ya msaragambo, ndiva ikaushwe kwanza, na wanaoingia wavae mabuti. Tope lipelekwe mbali, lisirundikwe ukingoni. Konokono wengine hujificha ndani ya tope wiki nyingi bila maji, na mvua ikinyesha hurudi walikotoka.

Nyasi fupi za juu ya tuta ziachwe, kwani hushika udongo. Lakini miti isipandwe hapo. Mizizi ikioza huacha mianya ya maji. Ng'ombe wanyweshwe kando: kwato hubomoa tuta, na alama zake zikijaa maji huwa mazalio ya mbu wa malaria. Njia ya kutolea maji ya ziada isizibwe kamwe. Huko Solai, Kenya, bwawa la udongo lilipasuka tarehe 9 Mei 2018, na watu zaidi ya 40 wakafa.

Mzazi, mtoto akikojoa damu usingoje. Mpeleke zahanati apimwe. Vidonge vya prazikwanteli huua minyoo, lakini havimkingi: akirudi kuogelea kwenye maji yale yale, ataambukizwa tena.