Betri Haina Hatia Mpaka Ipimwe

Gari likianza kuchelewa kuwaka asubuhi, lawama huiangukia betri kabla boneti haijafunguliwa. Inanunuliwa mpya, gari linawaka, kila mtu anaridhika. Ila kuwaka huko hakuthibitishi kwamba betri ya zamani ilikuwa mbovu. Huwezi kufunga betri mpya bila kufungua vichwa vya nyaya, na fundi makini huvikwangua ule unga mweupe na kijani, kisha akavikaza. Huenda hicho ndicho kilichoponya gari, nacho hakikuhitaji hata senti.

Kwanza sikiliza stata. Ikizungusha injini kwa kasi yake ya kawaida lakini injini haishiki upesi, iache betri, angalia mafuta. Kwenye gari la petroli lenye pampu ya umeme, washa swichi bila kupiga stata, ngoja sekunde mbili tatu, zima, rudia, ndipo upige. Likishika papo hapo, yaelekea presha ya mafuta hushuka gari likilala.

Stata ikizungusha kwa kujikokota, hapo ndipo penye umeme, na hesabu yake ni fupi. Stata ya gari dogo huweza kuvuta ampea 150 na zaidi. Kichwa cha waya chenye kutu kikileta ukinzani wa omu 0.01 tu, kinameza volti 1.5, na stata inabakiwa na masazo. Wapo watakaosema nyaya ni nzima kwa kuwa taa zinawaka vizuri. Taa ya wati 55 haivuti hata ampea tano. Ukinzani uleule unaipunguzia volti 0.05, na hakuna jicho la kuliona hilo.

Wengine watasema betri nazo huchoka, hasa kwenye joto la pwani. Kweli kabisa, tena betri iliyochoka huweza kusoma volti 12.6 ikiwa imetulia, kama iliyojaa, ikaporomoka ikipewa kazi. Ndiyo maana ipimwe stata ikipigwa: gia huru, breki ya mkono juu, multimita kwenye nguzo zake. Ikiwa ilijaa na bado inashuka chini ya 9.6, ibadilishe bila huruma. Ikikaa juu ya 10 huku stata inajikokota, hamishia ncha moja kwenye chuma kitupu cha injini, nyingine ibaki kwenye nguzo hasi yenyewe, si kwenye kichwa cha waya, kisha mwenzako apige tena. Ikisoma zaidi ya volti 0.3 hivi, umeme unapotelea kwenye waya wa ethi. Fungua ulipofungwa kwenye injini, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, pima upya. Namba isiposhuka, waya umeoza ndani ya plastiki yake; badilisha huo. Ethi ikiwa safi, pima vivyo hivyo kutoka nguzo chanya hadi bolti kubwa ya stata, na huko pia pakiwa safi, stata ishushwe.