Jivu la Taka Katika Barabara: Mambo ya Kujua Nyumbani

Hapa Uingereza, sehemu kubwa ya taka za nyumbani zisizorejelezwa huchomwa katika matanuri yanayozalisha umeme. Kila tani inayochomwa huacha takriban kilo 200 za jivu zito, na jivu hilo hutumika kujengea barabara. Kipeperushi hiki kinaeleza lini jivu hilo ni salama, na lini familia inapaswa kujihadhari.

Hutayarishwaje?

Jivu la chini ya tanuri hupozwa kwa maji, na vipande vya metali hutolewa, vya chuma kwa sumaku. Kisha huchekechwa na kurundikwa kwa wiki kadhaa hadi ukali wake upungue. Hatimaye hushindiliwa chini ya lami badala ya kokoto.

Jivu jepesi linalonaswa katika vichujio vya moshi ni jingine. Lina dioksini, risasi na kadimi, na sheria hulihesabu kuwa taka hatari. Majivu haya mawili hayapaswi kuchanganywa.

Funzo la Newcastle

Kati ya 1994 na 1999, majivu ya tanuri la Byker, mazito na mepesi pamoja, yalimwagwa wazi kwenye vijia vya bustani za kukodi mjini Newcastle. Vipimo vilipoonyesha dioksini na metali nzito, wafugaji wa humo walishauriwa wasile mayai wala nyama ya kuku wao, na majivu yakaondolewa. Kuku hudonoa udongo. Dioksini hukaa katika mafuta ya mwili wake, na huingia katika yai.

Mfanye nini?

• Msiogope kupita barabarani: jivu lililofunikwa kwa lami halina njia ya kuwafikia.

• Msichukue kifusi wala changarawe msiyojua asili yake kwa ajili ya bustani au banda la kuku.

• Watoto wasichezee marundo ya ujenzi. Jivu bichi huunguza kama chokaa. Likiingia jichoni, osheni mara moja kwa maji mengi na mwende hospitali kitengo cha dharura (A&E) au mpige simu 999.

• Vueni viatu mlangoni, na muoshe mikono na mboga baada ya kazi za bustani.

• Msitupe betri katika pipa la taka. Zirudisheni katika maduka makubwa yanayoziuza. Moto hauteketezi metali: iliyoingia tanurini hubaki katika jivu.