Damu Inayovuja Ndani ya Kichwa

Katika Barabara ya Naivasha, ipitayo Riruta na Kawangware, si ajabu kumwona kijana ameanguka kutoka pikipiki, akainuka, akajipangusa vumbi na kuwaambia watu, "Sijambo." Watu humshukuru Mungu, wakatawanyika. Lakini huenda damu imekwisha kuanza kuvuja ndani ya fuvu lake.

Katika panja, juu kidogo ya sikio, mfupa wa kichwa ni mwembamba, na kwa ndani umepitiwa na mshipa wa damu. Mfupa ukipasuka, mshipa huo waweza kukatika. Damu humwagika baina ya mfupa na utando wa ubongo, na kwa kuwa mfupa hautanuki, ubongo ndio usongwao. Jambo hilo laweza kuchukua saa kadhaa, na katika saa hizo baadhi ya wagonjwa huongea na kutembea kama watu wazima. Ndivyo alivyofariki Natasha Richardson, mwigizaji wa Uingereza, mwezi wa Machi 2009: alianguka katika theluji nchini Kanada, akaona hana haja ya daktari, na siku mbili baadaye akafa.

Basi kichwa kikizidi kuuma, mtu akitapika mara kwa mara, maneno yakivurugika, mkono au mguu wa upande mmoja ukilegea, akishikwa na kifafa, au mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ya pili, apelekwe hospitali saa ile ile. Asipewe aspirini, kwani huzuia damu kuganda. Wala asibanwe katikati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine. Alazwe, shingo isipindwe.

Wenye hatari kubwa ni waliokunywa pombe, kwa maana jirani husema, "Amelewa tu, mwacheni alale." Ulevi hupungua kadiri saa zinavyokwenda, usingizi wa damu huzidi.

Katika Hospitali ya Kenyatta, ifikiwayo kutoka Riruta kwa Barabara ya Ngong, mgonjwa hupigwa picha ya CT, kwa sababu eksirei ya kawaida huonyesha mfupa tu. Damu ikiwa kidogo, huenda madaktari wakamwangalia tu na kurudia picha. Ikiwa nyingi, hufungua fuvu, huitoa, na kuuziba mshipa.

Kwa wazee damu yaweza kuvuja polepole. Mzee amejigonga mlangoni, majuma yakapita, kisha akaanza kusahau na kupepesuka, na watu wa nyumbani wakasema ni uzee. Akitobolewa tundu dogo na damu ile ikatolewa, mara nyingi fahamu zake humrudia.